Utando wa mishipa ya fahamu ukiliwa, umeme wa mwili unakatika au unachelewa tu? Dada yangu saa nane mchana anaburuza miguu, jioni anapika

#1 Binti_Kondoa
Wakuu habari zenu. Nipo Dodoma mjini, naomba mnisaidie kuelewa kitu.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi huku Nkuhungu. Mwaka jana jicho la kushoto lilianza kuingia ukungu na kuuma akiligeuza, likapona lenyewe, baadae ikaja miguu. Kapigwa MRI, wakamwambia kuna sehemu za ubongo na uti wa mgongo ambapo utando unaozunguka mishipa ya fahamu, wanauita mayelini, umeliwa, wanashuku ni MS (multiple sclerosis), yaani kinga ya mwili inashambulia huo utando. Mpaka hapo sawa. Ninachoshindwa kuelewa ni kwamba asubuhi anatoka nyumbani mzima kabisa, akirudi saa nane na hili jua la Oktoba la kwetu mnalijua, miguu inakuwa mizito anaiburuza na jicho linarudi kuwa na ukungu. Akikaa kivulini akajimwagia maji, baada ya muda anainuka anapika, anafua, utadhani sio yule wa mchana. Sasa mawifi zake wameanza maneno eti anajifanya, mgonjwa gani anaumwa kwa ratiba. Analia mwenzenu.

Swali langu, utando ukishaliwa si umeshaliwa? Kwanini umeme ukatike saa nane urudi saa kumi na mbili?

#2 Fundi_ChangombeUmeme
Pole sana kwa dada. Mimi sio daktari ila umeme naujua. Chukulia mshipa wa fahamu ni waya na huo utando ni ganda la plastiki. Ganda likichubuka umeme unavuja njiani, huku mwisho taa inawaka hafifu, na kama kuna waya mwingine jirani umechubuka pia wanapigana shoti. Halafu waya ukipata joto ukinzani unaongezeka. Jua + ganda bovu = taa inafifia. Jioni baridi, inawaka. Kwangu hiyo imeisha.

#3 Mzee_wa_Zabibu
Fundi wewe kila uzi wa afya unaleta waya, juzi kwenye uzi wa figo ulituletea sakiti breka 😂 ila hapa umekaribia.

#4 Fiziolojia_UDOM
Fundi umeanza vizuri lakini huo mfano unafika mahali unakwama, na pale unapokwama ndipo jibu la dada lilipo, nivumilieni ni ndefu.

Kwenye waya chanzo cha umeme ni kimoja, mwanzoni. Kwenye mshipa wa fahamu chanzo kipo njia nzima. Ule uzi wenyewe unaitwa aksoni, ukutani kwake kuna milango midogo ya sodiamu, nje sodiamu nyingi ndani kidogo. Milango ikifunguka sodiamu inaingia kwa kasi, volteji ya ndani inaruka kutoka kama -70 milivolti hadi juu ya sifuri, huo mshtuko unaifungua milango ya mbele yake nayo inafungua ya mbele zaidi, hivyo hivyo mpaka kidole cha mguu. Aksoni isiyo na utando inafanya hiyo kazi kila hatua ya njia ndo maana inatembea nusu mita hadi mita 2 tu kwa sekunde. Zenye utando mnene zinafika hata mita 120 kwa sekunde. Ukijigonga kidole kwenye jiwe utaona, kwanza unapata maumivu makali ya ghafla halafu baadae kidogo yanakuja yale ya kuwaka na kuunguza. Ya kwanza yamepita kwenye nyuzi zenye utando, ya pili yamepita kwenye zisizo nao.

Sasa huo utando ni tabaka za mafuta na protini zilizozungushwa na kuzungushwa, na haufuniki njia nzima. Kila baada ya kama milimita moja unaacha kipengo kidogo mno, vinaitwa vifundo vya Ranvier, kwa jina la Mfaransa aliyevieleza miaka ya 1870. Milango ya sodiamu karibu yote imejazana humo kwenye vifundo. Umeme unapita chini ya utando haraka huku unapungua pungua, ukifika kwenye kifundo unazaliwa upya na nguvu ile ile ya mwanzo, unaruka kwenda kingine.

Utando ukiliwa umeme unavuja kabla ya kifundo kinachofuata, na mwingine unaishia kuchaji ukuta wa aksoni wenyewe maana ukuta mwembamba unashika chaji nyingi. Mtu mzima ana akiba, umeme unaofika kwenye kifundo ni kama mara 5 hadi 7 ya unaohitajika kukiamsha. Akiba ikishuka ukabaki na mara 2 ujumbe unapita ila unachelewa. Ikishuka chini ya 1 unafia hapo hapo, na hakuna cha nusu. Kwahiyo Fundi ile "taa kufifia" kwenye uzi mmoja haipo, ama umepita ama haujapita.

#5 Binti_Kondoa
Asante sana mkuu #4. Ila kama hakuna nusu mbona dada anaona ukungu, haoni giza?

#6 Fiziolojia_UDOM
Kwa sababu mshipa wa jicho moja una nyuzi kama milioni moja. Zikizima laki mbili zikabaki laki nane unaona ukungu, rangi zinapauka hasa nyekundu. Muulize kama nyekundu ya jicho bovu na la zima zinafanana.

#7 Binti_Kondoa
Nimemuuliza sasa hivi nimemwonesha kitenge, anasema kwa jicho la kushoto kinaonekana kama kimefuliwa sana. Mungu wangu.

#8 Mama_Kibaigwa
Jamani mimi nina kisukari, miguu inawaka moto usiku nashindwa hata kufunika shuka. Na mimi utando umeliwa?

#9 Nesi_Makole
Mama pole, ila ya kwako ni njia tofauti na ya dada wa mleta mada, tusichanganye. Kisukari kinashambulia zaidi uzi wenyewe, kinaanzia kwenye nyuzi ndefu kuliko zote ndo maana ni vidole vya miguu kwanza kisha inapanda kama soksi. Utando nao unaguswa lakini sio mwanzo wa tatizo. Kuna kipimo wanakupiga vishtuko vidogo vya umeme mguuni na mkononi wanapima kasi: kasi ikishuka sana tatizo ni utando, kasi ikiwa karibu na kawaida lakini kimo cha wimbi ni kidogo basi nyuzi zenyewe zimekufa. Mkononi tunategemea zaidi ya mita 50 kwa sekunde, mguuni zaidi ya 40.

Na kitu kingine mama, kama unatumia metformini kwa miaka mingi mwambie daktari akupime vitamini B12. Ile dawa inapunguza ufyonzwaji wake, na B12 ikiisha utando wa nyuzi za nyuma ya uti wa mgongo unaharibika kweli kweli, mtu anashindwa kutembea gizani kwa sababu hajui mguu wake uko wapi. Usiache dawa, pima tu.

#10 Mama_Kibaigwa
Natumia hiyo hiyo. Asante mwanangu, nikienda kliniki nawaambia.

#11 Mgogo_wa_Bahi
Mbukwenyi. Tunazungumza waya na metformini wakati swali ni jua. Mtu ametoka jasho kutwa anafundisha darasa lina watoto tele, amepoteza maji na chumvi na potasiamu, nani asingeburuza miguu? Mpeni uji wa chumvi na ndizi mtaona. Sisi mashambani huku tunalijua hili.

#12 Nesi_Makole
Mgogo_wa_Bahi maji anywe ndiyo, lakini potasiamu haishuki saa nane ikapanda yenyewe saa kumi na mbili kwa kujimwagia maji mwilini. Na kwanini jicho moja tu, lile lile lililougua? Potasiamu ikishuka inagusa misuli ya mwili mzima.

Hiki anachopata dada kinajulikana tangu 1890, daktari wa macho Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliona wagonjwa wake wanapoteza uono wakifanya mazoezi, wakipumzika unarudi. Yeye alidhani ni mazoezi, baadae ikaonekana ni joto la mwili. Tena zamani kabla ya MRI walikuwa wanamwingiza mgonjwa kwenye beseni la maji moto waone kama dalili zinatokea, ndio kilikuwa kipimo. ASIJARIBU NYUMBANI. Anaweza kuishiwa nguvu humo humo.

Sababu ni kwamba mwili ukipata joto milango ya sodiamu inafunguka na kufunga haraka zaidi, kwahiyo mshtuko unakuwa mfupi na chaji inayosukumwa mbele inakuwa ndogo. Wewe na mimi tuna akiba ya mara 5 hatuoni kitu. Dada kwenye lile eneo lililoliwa anaishi na akiba ya 1 na kidogo. Nusu digrii tu ya Selsiasi inatosha kumwangusha chini ya 1. Akipoa anarudi juu. Utando haujarudi na haujaliwa upya. Hao mawifi waambiwe.

#13 Fundi_ChangombeUmeme
Sasa hapa nimeelewa vizuri. Yani sio ukinzani wa waya, ni chaji inayosukumwa mbele imekuwa ndogo. Lakini ile shoti ya waya jirani niliyosema na yenyewe haipo?

#14 Fiziolojia_UDOM
Hiyo ipo Fundi, hapo umepatia. Nyuzi zilizovuliwa utando zikigusana zinaweza kushtuana, na nyingine zinajiwasha zenyewe bila kuamrishwa. Wagonjwa wengi wanasema wakiinamisha shingo kidevu kikagusa kifua wanasikia shoti inashuka mgongoni mpaka miguuni. Ni kwa sababu uti wa mgongo unavutwa na pale palipoliwa panajiwasha.

#15 Binti_Kondoa
ANASIKIA HIYO. Akiinama kuosha vyombo. Alikuwa anaogopa kusema ataambiwa ana mapepo.

#16 Mwanamaabara_DOM
Nesi #12 ameeleza vizuri lakini joto peke yake halitoshi kuelezea kila kitu. Mbona wapo wanaochoka hivyo hivyo kwenye baridi wakitembea umbali tu? Uzi uliovuliwa utando hauwezi kupitisha mishtuko mingi mfululizo. Kila mshtuko ukipita sodiamu inaingia, pampu inafanya kazi kuitoa, na pampu ikifanya kazi sana ndani ya uzi kunazidi kuwa hasi, kifundo kinakuwa kigumu kuamka. Mwalimu anasimama kutwa, anaandika ubaoni, anatembea nyumbani, ile saa nane ni mwisho wa kazi pia, sio jua tu. Jumamosi mchana akiwa amekaa ndani kwenye joto lile lile, inampata?

#17 Binti_Kondoa
Swali zuri sijawahi kuangalia. Nakumbuka msibani Kondoa tulikaa chini ya turubai mchana kutwa yeye amekaa tu, miguu ilimkataa. Ila pia kuna siku ya mvua alitembea kutoka Majengo sokoni mpaka kwao miguu ikamkataa. Sasa ipi?

#18 Mwanamaabara_DOM
Zote mbili basi 🙂 turubai inampa ushindi Nesi, Majengo inanipa mimi.

#19 Dr_Asiyelala
Mmesahau ya tatu. Sehemu inayoshambuliwa kuna uvimbe na seli za kinga zinamwaga kemikali, mojawapo naitriki oksaidi. Maabara imeonekana hiyo gesi inazuia ujumbe kwenye nyuzi zilizovuliwa utando kwa muda, ikiondolewa ujumbe unapita tena. Kwahiyo mtu anaweza kupoteza uono kwa wiki kadhaa kisha ukarudi wakati utando wenyewe bado. Hiyo inaelezea lile jicho la mwaka jana zaidi ya hizi za mchana. Na lazima dada ajue tofauti: ikimjia na jua ikaondoka akipoa, ni ya joto. Ikija dalili MPYA ikakaa zaidi ya saa 24 hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri jioni ifike.

Halafu kuna kurekebishwa. Uzi uliovuliwa unaweza kutawanya milango ya sodiamu urefu mzima ukarudia kupitisha ujumbe pole pole, na utando unaweza kufumwa upya, mwembamba kuliko wa mwanzo na vifundo vikiwa karibu karibu. Haurudi kama zamani ila ujumbe unapita.

#20 Mjukuu_wa_Mtemi
Wakuu samahani, MS si ugonjwa wa wazungu wa nchi za baridi? Huku Afrika haupo. Mngemcheki na mambo mengine, wengine wanakanyaga vitu.

#21 Nesi_Makole
Ni adimu zaidi huku karibu na ikweta, ni kweli. "Haupo" sio kweli.

#22 Dr_Asiyelala
#20 umegusa kitu muhimu hata kama hukukikusudia. Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na MS unaopiga macho na uti wa mgongo, neuromayelitisi optika, na watu wenye asili ya Afrika unawapata, tena kwa ukali. Kinga ya mwili inashambulia milango ya maji kwenye seli zinazolea mishipa, utando unaanguka baadae. Kingamwili yake iligundulika 2004 na inapimwa kwenye damu. Kwanini nasisitiza: baadhi ya dawa za MS zinaweza kuuzidisha huo mwingine. Binti_Kondoa waulizeni kama hicho kipimo kimefanyika kabla ya dawa za muda mrefu.

#23 Binti_Kondoa
Hawajatuambia. Kwenye ile hospitali tulikaa foleni kutwa, daktari akasema dakika chache tu "utando" akatuandikia tarehe ya kurudi. Naandika hilo swali kwenye karatasi.

#24 Kijana_Mpwapwa
Mimi yalinikuta, sio MS. Niliharisha wiki nzima, ikapona, siku chache baadae vidole vya miguu ganzi, kesho yake magoti, keshokutwa siwezi kusimama. Nyumbani wakaanza kusema nimerogwa na jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mjomba akakataa akanipakia kwenye gari usiku. Daktari akaita Guillain-Barré, kinga iliyopigana na kijidudu cha tumbo ikageukia utando wa mishipa ya mikono na miguu. Walikuwa wananipima pumzi kila mara maana ikipanda kifuani unaacha kupumua. Nilikaa miezi bila kutembea, sasa naendesha pikipiki. Utando ulirudi. Mtu akianza kupooza kutoka miguuni kwenda juu msikae nae nyumbani hata usiku mmoja.

#25 Fiziolojia_UDOM
Mungu mkubwa mkuu. Na umepona vizuri kwa sababu utando wa nje ya ubongo unatengenezwa na seli za Schwann, seli moja kipande kimoja, zinafuma upya vizuri. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo ni oligodendrosaiti, seli moja inashika hata vipande 40 vya nyuzi tofauti, ikifa hasara inasambaa. Na kama uzi wenyewe ungekatika unaota kama milimita moja kwa siku, kutoka kiunoni hadi kidoleni hesabu mwenyewe.

#26 Babu_Hombolo
Vijana mnasema utando utando, sisi wa Hombolo tumekua tukiona watu wa ukoma, vidole vimeisha, anashika chungu cha moto hasikii. Ni hiyo hiyo?

#27 Nesi_Makole
Shikamoo babu. Karibu sana na hiyo. Bakteria wa ukoma anaingia ndani ya hizo hizo seli za Schwann, na anapenda sehemu za mwili zenye ubaridi, ndo maana masikio, pua, na mishipa iliyo karibu na ngozi kama ule wa kiwiko, unavimba unaushika kwa kidole. Dawa zipo na ni bure. Ukiona baka lisilosikia mguso kwa mtoto mpeleke mapema kabla mshipa haujafa.

#28 Babu_Hombolo
Marahaba. Kumbe mmoja anaogopa joto mwingine anapenda baridi.

#29 Mgogo_wa_Bahi
Na ile ya mihogo michungu watu wanakakamaa miguu? Tarime 1985 wakati wa ukame watu waliamka asubuhi hawatembei.

#30 Dr_Asiyelala
Hiyo ni konzo. Mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha inabaki na sianidi, na mtu asipopata protini mwili unashindwa kuiondoa. Ila pale zinaumia njia za amri zinazotoka kwenye ubongo kwenda miguuni, haihesabiki kwenye magonjwa ya utando. Na haiji mchana ikaondoka jioni, inakaa.

#31 Binti_Kondoa
Swali la mwisho samahani. Anaogopa kuvuka barabara, anasema bodaboda anaiona iko mbali kumbe ipo hapa. Macho yamepimwa anasoma herufi zote.

#32 Fiziolojia_UDOM
Aisee hii ni ile niliyosema mwanzo, ujumbe unapita ila unachelewa. Herufi ubaoni hazitembei, kuchelewa hakuonekani. Kwa kitu kinachotembea, jicho zima linaleta boda ilipo sasa, jicho lililougua linaleta ilipokuwa muda mfupi sana uliopita, ubongo ukiunganisha hizo mbili unakosea umbali. Mwambie atundike kitu kwenye kamba kibembee kulia kushoto mbele yake, anaweza kukiona kinazunguka duara badala ya kwenda na kurudi. Kuvuka barabara azibe jicho bovu kwa muda, au avuke na mtu.

#33 Binti_Kondoa
Tumefunga funguo kwenye uzi. Anasema zinazunguka. Mimi naona zinaenda na kurudi. Shemeji naye ameona, amenyamaza kabisa, halafu kasema kesho atawapigia simu dada zake mwenyewe.

#34 Mzee_wa_Zabibu
Shemeji amefanya la maana. Kitambaa kilicholowa shingoni, mwavuli, na mwalimu mkuu akubali vipindi vyake viwe vya asubuhi.

#35 Fundi_ChangombeUmeme
Na feni naweza kuja kumfungia bure, Nkuhungu ni hapa hapa. Ila wataalamu, kama milango ya sodiamu inafunga mapema, hamna dawa ya kuichelewesha?

#36 Mwanamaabara_DOM
Ipo inayofanana na hiyo, haigusi sodiamu, inaziba milango ya potasiamu. Ile milango kwa kawaida imefichwa chini ya utando, utando ukiliwa inabaki wazi na kuzima mshtuko mapema. Ukiiziba mshtuko unarefuka. Marekani ilipitishwa 2010 kusaidia wenye MS kutembea, ila ikizidi inaleta degedege, sio ya kujinunulia.

#37 Mgogo_wa_Bahi
Si mnaona, potasiamu hiyo! Nilisema tangu #11.

#38 Nesi_Makole
Mgogo wewe ulisema ndizi 😄

#39 Mwanamaabara_DOM
Nesi usifunge mjadala, ile siku ya mvua ya Majengo bado hujaijibu. Mvua, hakuna jua, miguu imekataa.

#40 Nesi_Makole
Kutembea nako kunapandisha joto la mwili, hata kwenye mvua. Binti_Kondoa siku nyingine akitembea hivyo mpimeni joto na kipimajoto kabla na baada, mtuletee hapa.

#41 Binti_Kondoa
Kipimajoto tunanunua kesho. Na kliniki ni wiki ijayo, karatasi ya maswali imejaa pande zote mbili, B12 nimeiweka, kingamwili ya Dr nimeiweka, dawa ya #36 nimeiweka. Nawashukuru.